Spika ya Besi Nyuma ya Kiti

Juzijuzi nilipeleka pasi yangu kwa kijana mmoja anayetengeneza vyombo vya umeme karibu na ninapoishi. Aliyeyusha risasi ya kuunganishia waya, moshi mwembamba ukapanda, na ule ukali wake ukaniingia puani. Ilibidi nitoke nje. Kijana alidhani moshi umenidhuru, akaniomba radhi. Sikumweleza kitu. Ningeanzia wapi kumwambia kwamba harufu ile, kwangu mimi, ni ya pikapu ya baba yangu, na ya dada yangu Ndinda akiwa amekaa katikati yetu akiangalia midomo yetu?

Tulikaa mtaa wa Mbotela. Wenzangu wa rika langu waliokulia zile nyumba za mstari watakumbuka maisha yalivyokuwa: ukuta mmoja kati yako na jirani, bomba moja la maji, na redio moja ikifunguliwa mtaa mzima unajua saa ya taarifa ya habari. Baba alikuwa na pikapu kuukuu ya rangi ya samawati iliyochujuka. Aliitumia kubeba vinyago kutoka karakana ya wachongaji kule Pumwani, watu wa kwetu Ukambani wengi wao, hadi kwenye maduka ya mjini yaliyouzia watalii. Tembo, twiga, vichwa vya wazee, vyote vimefungwa kwa magazeti na kupangwa juu ya magunia. Vinyago vile vilisuguliwa kwa rangi ya viatu ili ving'ae, kwa hiyo Baba alirudi nyumbani akinuka kama fundi viatu, na sisi tulipenda harufu ile.

Baba aliimba. Katika kwaya ya kanisa yeye ndiye aliyekuwa msingi wa sauti ya nne, na Ndinda, ingawa alikuwa mtoto, alisimama mbele na wanawake wa sauti ya kwanza. Mimi sikujaliwa, nikiimba watu walitazamana. Siku ambazo hatukuwa na shule Baba alitupakia kwenye pikapu, na toka Mbotela mpaka Pumwani walikuwa wakiimba wao wawili, mmoja chini mmoja juu, na mimi kazi yangu ilikuwa kupiga makofi. Sikuwaonea wivu. Niliona ni jambo la kawaida kwamba katika nyumba kuna watu wa kuimba na watu wa kusikiliza.

Halafu Ndinda akaugua. Ilianza na kichwa, kisha shingo ikakakamaa, na jirani mmoja aliyekuwa na teksi akamkimbiza yeye na Mama hospitali kwa sababu pikapu siku hiyo ilikuwa mjini na Baba. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Alilazwa muda mrefu hata nikaanza kulala katikati ya kitanda chetu, na aliporudi alikuwa mwembamba, macho makubwa, anatembea akishika ukuta. Tulichinja kuku. Watu wa kanisa walikuja kushukuru.

Siku za kwanza Mama alidhani Ndinda amerudi na kiburi. "Ndinda, nakuita, hunisikii?" aliuliza kutoka jikoni, na Ndinda hakugeuka. Kisha Mama akahesabu ni udhaifu wa ugonjwa. Lakini siku moja sufuria ya uji ilimponyoka Mama ikaanguka kwenye sakafu ya saruji nyuma ya Ndinda. Mimi niliruka. Kuku waliokuwa mlangoni walikimbia. Ndinda aliendelea kuchambua mchele, kichwa ameinamisha, kidole chake kikisukuma vijiwe pembeni taratibu. Mama alimtazama mgongo, kisha akakaa chini papo hapo kwenye uji uliomwagika.

Daktari aliwaambia Baba na Mama kwamba mishipa ya kusikia imekufa. Baba alirudi na neno hilo nyumbani na kulisema mara moja tu. Mimi nililielewa kivyangu. Niliamini kwamba masikio ya Ndinda yalitolewa kule hospitali yakasahauliwa mahali fulani, kwenye trei, kama mtu anavyosahau mwavuli. Alipolala nilimpapasa nyuma ya masikio nikitafuta mshono. Sikuupata, nikahitimisha kwamba basi yako ndani, yameziba tu, na kilichoziba kinaweza kuzibuliwa.

Sauti yake ilibadilika. Ilikuwa kubwa mno na haikupanda wala kushuka, kana kwamba anaongea na mtu aliye ng'ambo ya reli. Jumapili moja alijaribu kuimba. Aliangalia mdomo wa Mama na kufuatisha, lakini wimbo ulipokwisha yeye hakujua, akaendelea peke yake, sauti ile ngumu ikitembea kanisani bila mwenzake. Mama alimwekea kiganja mdomoni, polepole sana, kama mtu anayefunika taa. Tangu siku hiyo Ndinda hakuimba tena. Na Baba naye aliacha kuimba kwenye pikapu. Tulipokwenda Pumwani tulisikia tu injini na vinyago vikigongana nyuma.

Mwalimu wake alimwita Mama akamwambia iko shule ya viziwi katika mji wa mbali, na kwamba huko watoto hufundishwa kuongea kwa mikono. Mama alileta habari hiyo wakati wa chakula cha jioni.

"Mtoto wangu si bubu," Baba akasema. "Anaongea."

"Anaongea, Baba Ndinda. Lakini ni nani anaongea naye?"

Baba alivuta sahani yake karibu. Ndinda alikuwa kati yao, akiwatazama mmoja baada ya mwingine, akitabasamu kidogo kwa adabu, kama mgeni asiyejua lugha ya nyumba.

Kilichotokea baada ya hapo kilianzia mtaa wa Majengo, siku moja tukipeleka vinyago mjini. Kulikuwa na harusi na barabara ilikuwa imezibwa na watu, nasi tukalazimika kusimama kando ya turubai. Walikuwa wameweka spika ndefu zinazofika kifuani mwa mtu mzima, na ngoma zilikuwa zikipigwa kiasi kwamba kioo cha pikapu kilitetemeka. Ndinda alikuwa ameegemea mlango. Ghafla aliketi wima. Akaweka kiganja kifuani, akafumba macho, akayafumbua.

"Baba," akasema, "nasikia."

Baba alizima injini. Nakumbuka jinsi mkono wake ulivyobaki kwenye ufunguo. "Umesema?" akamwuliza, akimgeuza uso ili amwone mdomo.

"Nasikia," Ndinda akarudia, na machozi yakaanza kumtoka, na mimi nikapiga makofi kwa furaha kama nilivyozoea. Tulikaa pale mpaka harusi ikahamia ndani. Vinyago vilichelewa kufika mjini, na Baba hakujali.

Wiki hiyo hiyo alitupeleka Kariobangi kwa Fundi Njoroge. Fundi alikuwa na kibanda cha mabati kilichojaa redio zisizo na migongo, naye alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kalamu sikioni. Alidhani Baba anataka muziki ili aanze kubeba abiria kama matatu.

"Hapana," Baba akasema. "Ni ya mtoto."

Fundi alimtazama Ndinda, akanitazama mimi, na Baba akamweleza yote, kuanzia hospitali hadi harusi ya Majengo. Fundi alisikiliza huku akizungusha bisibisi kwenye vidole. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, sitaki kukudanganya. Kama masikio yalikufa, besi haitayafufua. Itamtikisa tu."

"Wewe nionyeshe spika," Baba akasema.

Mimi nililisikia neno hilo, itamtikisa, na moyo wangu ukajaa. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa. Chupa ya dawa iliyoganda si hutikiswa? Mti wa mapera si hutikiswa? Kama kitu kilikuwa kimekwama ndani ya kichwa cha dada yangu, basi bila shaka kingetikiswa mpaka kidondoke.

Spika zilikuwa mbili. Moja ilikuwa mpya, ingali kwenye katoni, na ukingo wake uling'aa kama sahani ya wageni. Nyingine ilikuwa pana zaidi, nzee, iliyotoka kwa bendi ya dansi iliyovunjika. Karatasi yake ilikuwa na viraka vya gundi, na sumaku yake ilikuwa nzito hata fundi aliibeba kwa mikono miwili, tumbo mbele. Aliunganisha kila moja na amplifaya ya kujaribia, akaweka punje za mahindi juu ya karatasi na kufungulia muziki. Kwenye ile mpya punje zilitetemeka. Kwenye ile nzee ziliruka, nyingine zikaangukia hadi kwenye viatu vyetu. Ndinda aliweka kiganja karibu na karatasi bila kuigusa, na akacheka. Tulikuwa tumesahau kicheko chake kilivyokuwa.

"Hii," akasema kwa ile sauti yake, na watu wa vibanda jirani wakageuka.

Katika amplifaya Baba alivutiwa na moja ya kutoka ng'ambo yenye vitaa vyekundu vilivyopanda na kushuka. Fundi alimwondolea macho hapo. "Hii ni ya kuonwa, mzee. Ukiifungia spika kubwa hivi itachoka, na sauti itakatika pale unapoihitaji." Akamtolea nyingine aliyoiunda mwenyewe, sanduku la bati lisilo na rangi, lenye mapezi ya alumini mgongoni ya kupunguza joto. Ilikuwa mbaya kama kitu gani sijui. Baba aliichukua hiyo. Katika malipo, fundi alikubali kupokea redio ya santuri iliyokuwa sebuleni kwetu, ile ya kabati la mbao yenye miguu. Mama hakuambiwa mpaka walipokuja kuibeba.

"Hata hiyo?" aliuliza tu. Kitambaa alichokuwa amekishona kuifunika kilibaki mkononi mwake, na nyumba yetu, iliyokuwa na muziki tangu nizaliwe, ikabaki kimya.

Kisha kazi ya kufunga ikaanza. Pikapu haina mahali pa kuweka spika kama ile. Kebini ni kiti kimoja na ukuta. Baba alipima nafasi nyuma ya kiti kwa kamba, akaenda kwa wachongaji wake wa Pumwani, nao wakamtengenezea boksi la mbao nene, pana lakini jembamba, lililopigwa gundi na skrubu kila upande. Ndani lilijazwa sufi ya mto wa zamani ili sauti isigonge mbao tupu. Hata hivyo halikuingia. Ilibidi kiti king'olewe na kusogezwa mbele, na tangu siku hiyo Baba aliendesha pikapu ile magoti yakigusa usukani.

Siku ya kufunga, Fundi Njoroge alilala chali chini ya dashibodi, miguu nje, tukaona soksi zake zilizotoboka. Alipitisha waya mnene kutoka kwenye betri kupitia tundu kwenye ukuta wa injini, akauzungushia kipande cha tyubu ya baiskeli ili bati lisiukate. Karibu na betri akaweka fyuzi. "Bila hii, waya ukichubuka mtaungua wote," alisema. Risasi iliyeyuka, moshi ukajaa kebini. Ndinda hakutaka kutoka. Alikaa katikati ya moshi huo akikohoa, mkono juu ya boksi.

Walipojaribu mara ya kwanza, kilichotoka haukuwa wimbo. Ulikuwa mlio mwembamba uliopanda kila Baba alipokanyaga mafuta na kushuka alipoachia. Nilirudi nyuma hatua mbili. Niliamini kabisa ni ugonjwa wa Ndinda unatoka, unalia kwa kuwa umefukuzwa. Fundi alikuna rangi ya bati chini ya kiti mpaka chuma kikang'aa, akahamishia hapo waya wa athi, ule wa kurudishia umeme, na mlio ukakoma. Basi, nikasema moyoni, umekwisha. Nilimgeukia Ndinda na kumwita jina lake, kwa upole, nyuma ya shingo yake. Hakugeuka. Nikajiambia pengine unahitaji siku chache.

Baba aliweka kaseti ya magitaa ya kwetu, akamketisha Ndinda mgongo wake umegusa kitambaa cha boksi, akafungulia. Sijui niseme nini kuhusu sauti ile. Iliingia tumboni kabla ya masikioni. Kofia ya fundi iliyokuwa juu ya dashibodi ilitembea yenyewe mpaka ikaanguka. Ndinda alifumba macho, mabega yake yakaanza kwenda na mdundo, barabara, bila kukosea, na midomo yake ikasema lile neno, nasikia. Tuliteremka barabara ya Jogoo tukiwa hivyo, na kila besi ilipopiga taa za dashibodi zilififia na kuwaka. Watu waliosimama vituoni walitutazama. Baba aliimba kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa, na hakuna aliyemsikia, hata mimi. Niliona tu koo lake likienda.

Kwa muda tulikuwa na furaha ya aina yake. Vijana wa mtaa waliita pikapu yetu disko. Kila jioni kabla ya kuingia ndani Baba alimketisha Ndinda pale, na Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi, akiwatazama. Nilidhani anasikitikia redio yake.

Jumapili, wakati wa ushuhuda, Baba alipofanya kama anasimama, Mama alimshika koti. "Ngoja kwanza, Baba Ndinda. Tafadhali."

Baba alijitoa mkononi mwake. Alisimama mbele ya kanisa lote, akamshika Ndinda bega, akasema, "Mnajua tulikotoka. Leo mtoto wangu anasikia."

Wanawake walipiga vigelegele. Mchungaji, mzee mwema ambaye hakuwahi kumdhuru mtu, alikuja akamwekea Ndinda mkono kichwani, na labda kwa kutaka tu utukufu uonekane vizuri zaidi, akamgeuza taratibu atazame msalaba ukutani, mgongo kwa watu. Kisha akamwashiria Mama Mutheu, kiongozi wa kwaya, yule aliyemfundisha Ndinda nyimbo zake zote.

"Ndinda," Mama Mutheu akaita.

Ndinda aliutazama msalaba.

"Ndinda, mwanangu. Nigeukie."

Mtoto mmoja alikohoa. Benchi likalia. Mama Mutheu akaita tena, na nikaona Baba ameanza kuita naye, kwanza kwa kunong'ona, halafu kwa nguvu, halafu kwa ile sauti yake ya chini kabisa ambayo madirisha ya kanisa yaliijua. Mimi nilikuwa nimeuma meno. Geuka, nilikuwa nikisema, geuka, geuka tu. Ndinda alibaki akitazama mbele, amenyooka vizuri kwa kuwa ndivyo alivyosimamishwa. Sijui ni kitu gani kilimfanya hatimaye ageuke, labda alichoka tu. Aliona kanisa zima linamkodolea macho, wanawake wengine wameanza kulia, na Baba mdomo wazi.

"Mnasema nini?" akauliza, kwa sauti kubwa.

Baba alimshika mkono wakatoka kwa mlango wa pembeni. Biblia yake ilibaki kwenye benchi. Mama ndiye aliyeichukua.

Mchana ule Mama alimketisha Ndinda jikoni, akamshika kidevu, akamwuliza polepole ili asome midomo yake, "Ulimwambia Baba unasikia. Kwa nini ulimwambia hivyo?"

Ndinda alishangaa. "Lakini nasikia," akasema. Akajipiga kifua. "Hapa. Na mgongoni. Kama ninavyosikia baridi. Kama ninavyosikia njaa." Akatutazama, na nikaona jambo linaanza kumwingia. "Kwani Baba alifikiri nini?"

Mama alimwachia kidevu. Baba alikuwa mlangoni, amesimama kwa muda gani sijui. Aligeuka akaenda zake kwenye pikapu.

Alikaa huko mchana wote. Jua lilipoanza kupungua Mama alinituma nimpelekee chai, na nilipokaribia nilihisi bati la pikapu linatetemeka. Nilichungulia dirishani. Baba alikuwa ameketi mahali pa Ndinda, mgongo kwenye boksi, muziki umefunguliwa mpaka mwisho, na alikuwa amejitia vidole masikioni, viwiko vimepanuka, macho ameyafumba kwa nguvu. Nilidhani anaumwa na kelele na hajui namna ya kuizima. Niligonga kioo. Hakufungua macho. Niliweka kikombe juu ya boneti nikarudi, na kutoka mlangoni niliona chai inatetemeka mpaka inamwagika.

Alipoingia ndani alimwambia Mama, "Mfungie nguo zake."

Tulimpeleka muhula ulipofunguliwa. Ilikuwa safari ya kutwa. Kebini ilikuwa ya Baba na Ndinda. Mimi na Mama tulikaa nyuma, juu ya sanduku lake la bati, tumejifunika leso moja. Baba alipiga muziki njia yote. Tuliuhisi mapajani kupitia sanduku, na kwenye kioo kidogo cha nyuma niliona kichwa cha Ndinda kikienda na mdundo, na kichwa cha Baba kimesimama.

Shule ilikuwa na uwanja mpana wa nyasi. Mwalimu mmoja wa kike alimpokea Ndinda, akamwonyesha alama ya jina lake mwenyewe, vidole viwili kwenye shavu, na Ndinda akaijaribu. Wasichana wawili wakaja wakamvuta. Tulipomaliza mambo ya ofisini tulimkuta katikati ya kundi, mikono yake ikiiga yao, inakosea, wanamrekebisha, anacheka. Hakutuona. Baba aliingia kwenye pikapu na kuiwasha. Nadhani alitaka kumuaga tu kwa mbali, yaishe haraka.

Akapiga honi.

Uwanja ule ulikuwa umejaa watoto. Waliruka kamba, waliviringisha magurudumu, walikimbizana. Honi ya pikapu yetu ilikuwa kali, kule Mbotela mbwa waliijua. Baba aliibonyeza tena, kwa muda mrefu zaidi, na katika watoto wote wale hapakuwa na mmoja aliyegeuza kichwa. Mchezo uliendelea kama ulivyokuwa. Mkono wa Baba ulikaa juu ya usukani. Nilimwona anautazama ule uwanja toka mwisho huu hadi mwisho ule, na uso wake ukawa wa mtu mzee.

Alishuka akatembea nyasini mpaka mbele ya Ndinda. Alimgusa bega. Ndinda aliinua macho, na Baba, ambaye maneno hayakuwahi kumpungukia, alisimama tu, kisha akamrekebisha ukosi wa sare, akaurekebisha tena, akarudi. Njiani hakufungulia muziki. Mama alikaa mbele naye.

Amplifaya ile iliungua baada ya muda, na boksi likang'olewa ili kiti kirudi mahali pake. Ndinda alirudi kila likizo na lugha yake. Mama alijifunza kwanza maneno ya jikoni, kisha mengine. Mimi nilijifunza yote, hata matusi. Baba hakujifunza. "Mikono yangu ilizoea usukani," alisema. Aliongea na Ndinda kwa kufungua mdomo sana na kupaza sauti, ingawa sote tulijua sauti haikuwa na kazi, na Ndinda alimjibu kwa maneno machache, ndiyo Baba, hapana Baba, nimekula Baba. Walikuwa wakiketi pamoja nje jioni, kila mmoja akitazama upande wake. Walipendana. Hilo sina shaka nalo. Lakini sikuwahi tena kuwaona wakiongea.

Miaka mingi baadaye, Baba alipokuwa mgonjwa wa kutoinuka, Ndinda alikuja kutoka Thika, alikokuwa akishona nguo. Baba alituomba tutoke sote, abaki yeye peke yake na Ndinda. Tulikaa uani. Kupitia dirisha niliona mgongo wa Ndinda kwenye kigoda, ameinama, ameshika mkono wa Baba, na kichwa chake kikiitikia, tena na tena. Baba alizungumza alasiri yote. Sauti yake ilikuwa imekwisha. Hatukuweza kuambulia neno hata moja. Alifariki kesho yake asubuhi.

Baada ya maziko Mama alimwuliza Ndinda kwa mikono, "Alikuambia nini?"

"Sijui," Ndinda akajibu. "Midomo yake ilikuwa imekauka, haikufunguka vizuri. Sikuona hata neno moja."

"Mbona ulikuwa unaitikia?"

Ndinda alikuwa ametoka kuosha vyombo. Aliipangusa mikono yake kwenye sketi, mmoja baada ya mwingine, kabla ya kuiinua.

"Alikuwa anaongea na mimi," akasema.